Kabla ya Kuanza Kupima Maji ya Mto

Wengi huanza kwa kununua kifaa. Anza na mahali. Tafuta sehemu ambapo mto umenyooka, kingo ni imara na sakafu haihamihami. Mchanga unaosogea kila mvua utakupa namba tofauti kwa maji yaleyale. Kaa mbali na makutano: mto mkubwa ukijaa huyazuia maji ya mdogo, kina kikapanda ilhali mkondo umelala.

Kisha rula ya kupimia. Ifunge wima kwenye nguzo ya zege au mwamba, ncha ya chini ibaki majini hata kiangazi kikali, ya juu ipite pale mafuriko makubwa yalipofika (waulize wazee, tope kwenye magome ya miti nalo husema). Linalosahaulika ni alama ya rejea: bolti iliyozikwa kwenye zege, nchi kavu, maji yasikofika. Pima tofauti ya kimo kati yake na sifuri ya rula, uiandike. Siku gogo litakapoing'oa rula, utairudisha palepale. Bila bolti hiyo, rekodi ya miaka inakatika vipande viwili visivyolingana.

Msomaji wa rula asome saa zilezile kila siku, mafuriko yakija aongeze. Mawimbi yakicheza, achukue katikati ya juu na chini. Aandike kwa penseli, palepale mtoni. Daftari lenye 1.42 asubuhi na jioni, wiki nzima, katikati ya masika, limejazwa nyumbani.

Ila kina si mtiririko. Ukitaka mita za ujazo kwa sekunde, zidisha eneo la mkato wa mto (upana mara kina cha wastani) kwa kasi ya maji. Mita ya kasi huwekwa asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu, pima kwenye 20 na 80 uchukue wastani. Huna mita? Elesha kijiti kizito, pima muda wake kwenye umbali unaoujua, gawa umbali kwa muda upate kasi, kisha izidishe kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudia mto ukiwa mdogo, wa kati na umejaa, ndipo utaweza kusoma mtiririko kutoka kwenye rula peke yake.

Kabla ya kuingia majini, zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde. Nusu mita ya maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde ni 1. Jibu likikaribia 1, maji yanaweza kukuangusha: pimia darajani.