Kapasita ndogo ya bluu kwenye chaja, usiibadilishe kwa yoyote

Mafundi wenzangu, ukifungua chaja ya simu au pawasaplai ya TV, tafuta mstari unaoigawa bodi sehemu mbili. Mara nyingi utaona hata mkato mwembamba chini ya transfoma. Upande mmoja una umeme wa ukutani, ambao ukishapita kwenye diodi unafika kama volti 325. Upande wa pili ndio anaoushika mtoto akichezea simu ikiwa kwenye chaji. Kwa kawaida vitu vitatu tu ndivyo vinavyovuka mstari huo. Transfoma inapitisha nguvu kwa sumaku. Opto, ile ya miguu minne kama PC817, inarudisha taarifa ya volti kwa mwanga: ndani mna LED inayomulika transista. Cha tatu ni kapasita ndogo ya bluu, inayopunguza makelele ya umeme yanayosumbua redio, na hapo ndipo nawaomba sana tuwe makini.

Ikipasuka, usichomelee tu bluu yoyote yenye namba 222 (yaani nanofaradi 2.2) uliyoitoa kwenye bodi kuukuu. Isome ubavuni: lazima iwe na alama ya Y1 au Y2, ambayo ni madaraja ya usalama, na urudishie daraja lile lile. Hiyo imetengenezwa ili ikifa ikate, isiunganishe. Ya kawaida ya kilovolti 1 inafanana nayo kabisa, lakini ikipiga shoti, umeme wa ukutani unatokea kwenye waya wa USB. Ukikosa yenye Y, heri uache nafasi wazi. Chaja itachaji, ila itasumbua redio iliyo karibu. Halafu safisha fluksi (dawa ya kuchomelea) yote iliyobaki kwenye ule mkato.