Kukodi jengo la biashara lililokaa tupu: kagua kwanza, saini baadaye

Jengo lililokaa miezi mingi bila mtu huficha ubovu wake, kwa kuwa hakuna anayefungua bomba wala kuwasha mashine. Likague maji na umeme vikiwa vimefunguliwa, kisha urudi siku ya mvua kutazama dari.

Karatasi kwanza. Anayekupangisha awe ndiye mwenye hati, au awe na idhini ya maandishi. Uliza kama jengo limewekwa rehani. Kugeuza ghala kuwa kiwanda au ofisi kuwa duka mara nyingi huhitaji kibali cha mipango miji. Kikikataliwa ukiwa umeshasaini, kodi utaendelea kudaiwa. Andikeni kwamba mkataba utaanza kibali kikitoka.

Maji hupimwa bila gharama: funga mabomba yote, soma mita, subiri nusu saa, soma tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja, huenda chini ya sakafu. Umeme mwachie fundi mwenye leseni. Jumlisha kilowati za mashine zako umpe. Mota kubwa hutaka umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto badala ya moja, na kuomba laini mpya huchukua muda. Mwambie apande darini pia, maana panya hutafuna waya.

Wa ghala na kiwanda waitazame sakafu. Rafu ya ngazi 4, kila ngazi paleti 2 (majukwaa ya kupangia mizigo) za tani moja moja, hushusha tani 8 kwenye miguu michache tu. Zege jembamba litapasuka. Pima urefu wa mlango, na uone kama lori litageuka uani. Wa duka watazame maegesho, vyoo na mlango wa dharura.

Eneo lipime mwenyewe kwa futi kamba. Ukitozwa mita za mraba 330 na ndani ukapata 300, utalipia 30 usizotumia kila mwezi. Omba pia miezi ya matengenezo bila kodi.

Sentensi inayoumiza wapangaji wengi ni hii: "mpangaji atarudisha jengo likiwa katika hali nzuri." Hata kama ulilikuta bovu, utadaiwa kulitengeneza. Badala yake iandikwe "katika hali inayoonekana kwenye picha zilizoambatanishwa", na matengenezo ya paa, kuta na msingi yabaki kwa mwenye jengo. Siku ya kukabidhiwa funguo pigeni picha kila chumba, andikeni namba za mita, na wote wawili msaini kila ukurasa.