Mashangazi wametoka, wajomba wamefifia: kina cha fokasi kwa chupa tatu za soda

Juzi kijana ninayekwenda naye kupiga picha harusini alinionyesha picha ya ukoo mzima. Mashangazi waliokaa mbele, kope unazihesabu. Wajomba waliosimama nyuma, ukungu mtupu. “Lakini kaka, nilifokasi!” Kweli alifokasi, ila kwa f/1.8, yaani apecha (uwazi wa ndani ya lenzi unaopitisha mwanga) ikiwa wazi sana, na kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, kikawa kidogo. Nikampa zoezi hili.

Hatua ya 1. Weka kamera kwenye Av (au A), ambapo wewe ndiye unayechagua apecha, lenzi ya 50mm. Zumu iliyokuja na kamera iache mkobani. Simu ndiyo usiiguse kabisa: ukungu wa potreti zake hutengenezwa na programu.

Hatua ya 2. Panga chupa tatu mezani kimshazari, moja nyuma ya nyingine, sentimita 30 kati yao.

Hatua ya 3. Simama mita 1 kutoka chupa ya kati, fokasi lebo yake. Kwa f/1.8 kwenye kamera ya fremu kamili (sensa yake ina ukubwa wa filamu ya 35mm), kina ni kama sentimita 4. Funga apecha hadi f/8 (namba kubwa, uwazi mdogo): sentimita 19 hivi, na chupa mbili za pembeni bado zimefifia! Hapo ndipo nami nilipopoteza jioni nzima nikiilaumu lenzi.

Apecha usiiguse. Rudi hadi mita 3, fokasi lebo ile ile. Sasa ukali unaanzia kama mita 2.3 na kuishia 4.2, chupa zote zimo. Umbali mara tatu, kina kimeongezeka zaidi ya mara tisa. (Ukiikata picha baadaye ili watu waonekane wakubwa, sehemu ya faida hiyo unaipoteza.)

Mtego mwingine: kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani), kitundu cha kutazamia kinakuonyesha lenzi ikiwa wazi kabisa hata umeweka f/8; apecha hujifunga unapobonyeza. Kwa hiyo usihukumu kwa kitundu, wala kwa kioo kidogo cha nyuma ambacho kila picha hupendeza. Kuza picha hadi uone macho ya mtu wa mwisho, *kabla* watu hawajatawanyika.

Utaambiwa pia theluthi moja ya ukali huwa mbele na mbili nyuma. Kwa mita 3 hapo juu inakaribia ukweli. Kwa mita 1 ni sentimita 9 mbele, 10 nyuma. Mimi siitegemei.

Hatua ya 4. Ukiwa na safu tatu za watu: mita 4 au 5, f/8, fokasi jicho la mtu wa safu ya pili kwa pointi moja uliyoichagua mwenyewe. Ukiiachia kamera, itakimbilia shada la maua la bibi harusi.

Hatua ya 5. Shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Ukumbini usiku pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila huruma; chembechembe kwenye picha hakuna mjomba atakayezilalamikia.