Ukitaka kusomesha darsa la utumwa na mateka

Vijana wangu wa madrasa hapa Temeke hawaulizi mepesi: "Ustadhi, mbona Uislamu haukupiga utumwa marufuku kwa mkupuo?" Usilikwepe.

Anza na Suratu Muhammad, aya ya 4: mateka huachwa kwa hisani au kwa fidia. Kisha simulia vita vya Badri, kati ya Waislamu na Makureshi wa Makka, mwaka 624, na hapo usiharakishe. Yapo mapokezi kwamba mateka asiye na mali, lakini ajuaye kuandika, alijikomboa kwa kusomesha watoto kumi wa Ansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina. Wanafunzi wangu hucheka: "Kumbe ada ya shule!" Waache wacheke, hawataisahau.

Halafu onyesha milango ya kumtoa mtu utumwani: kafara (kulipia kosa kwa kumwacha mtumwa huru), fungu la zaka (Tauba 60), mkataba wa kujikomboa (Nur 33). Hadithi ya sahaba Abu Dharr, kumlisha mtumwa wako unachokula na kumvisha unachovaa, wengi wanaijua, pita tu.

Ila usifiche. Sheria iliuwekea utumwa mipaka, haikuufuta, na wanazuoni wengi waliruhusu mateka kufanywa watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na mabwana wengi wa mashamba ya karafuu waliowamiliki watumwa walikuwa Waislamu wenzetu. Mtoto akiuliza kama walizifuata aya hizo, mpe msahafu azisome kwa sauti, kisha mjadili.