Namna ya Kuwashawishi Marafiki Kujiunga na Mtandao Mpya wa Kijamii

Rafiki unayemwalika kwenye mtandao mpya wa kijamii, akiwa mtu makini, atakujibu kwa methali tuliyofundishwa sote: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaanza kubishana naye, kubali kwamba ana haki, kwa kuwa mtandao alio nao tayari una watu wake, picha zake za miaka mingi na mazoea ya vidole vyake, ilhali huo unaoupigia debe hauna chochote kilicho chake. Mwongozo huu unaanzia kwenye hoja hiyo hiyo. Haufundishi namna ya kumfanya mtu autupe mbacha wake. Unaeleza namna ya kumfanya atandike mkeka wa pili kando yake, aukalie kwa shughuli moja inayojulikana, kisha aamue mwenyewe.

Mimi nilianza vibaya. Mara ya kwanza nilipohama, niliandika ujumbe wa aya sita wenye hoja za kila aina, nikautuma usiku mmoja kwa karibu kila jina lililokuwa kwenye simu yangu, akiwemo fundi aliyewahi kunitengenezea mlango. Waliojiunga walikuwa wanne, na hawakuwa wanafahamiana. Kila mmoja aliingia kwa wakati wake, akanikuta niko peke yangu, akanisalimu, akatoka, wala hakurudi. Mtandao wenyewe haukuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa langu, kwamba nilihamisha majina badala ya kuhamisha mazungumzo.

Hamisha kundi, si mtu mmoja mmoja

Chukua kundi la watu 12. Ndani yake mna jozi 66 za watu wanaoweza kuzungumza wao kwa wao. Ukifanikiwa kuhama na wenzako wawili, umehamisha robo ya watu, lakini jozi ulizohamisha ni 3 tu kati ya zile 66, na ndiyo maana nyumba mpya huonekana tupu hata pale ambapo idadi ya waliofika si haba. Robert Metcalfe, aliyeshiriki kuvumbua Ethernet, yaani njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, anakumbukwa kwa kanuni isemayo kwamba thamani ya mtandao hukua kwa kadiri ya mraba wa idadi ya watumiaji wake. Wapo wanaodai kwamba kanuni hiyo imetiwa chumvi, lakini hakuna aliyewahi kukaa kwenye kundi la watu watatu lililokusudiwa kuwa la kumi na wawili akashindwa kuelewa inasema nini.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mitandao ya kijamii methali hii haisaidii, kwa sababu hata chema hudoda kisipokuwa na watu. Google+, huduma ya kijamii ya Google, ilizinduliwa mwezi Juni 2011 na kampuni isiyokosa fedha wala wahandisi, na ilikuwa na mambo mazuri ambayo wengine walikuja kuyaiga. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2018 kampuni hiyo ilikiri yenyewe kwamba asilimia 90 ya nyakati ambazo watumiaji waliingia humo hazikufika hata sekunde tano, na mwezi Aprili 2019 huduma ikafungwa kwa watu wa kawaida. Sekunde tano zinamtosha mtu kuchungulia, kuona hakuna anayemjua, na kufunga mlango. Facebook, kwa upande wake, ilianza mwaka 2004 ndani ya chuo kikuu kimoja, Harvard, na haikufunguliwa kwa umma hadi Septemba 2006. Ilikuwa ndogo sana, lakini kwa mwanafunzi wa chuo kile karibu kila aliyemhitaji alikuwamo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua kundi lako la kuanzia, na hapa usiwe na haraka. Kundi linalofaa lina watu kati ya watano na kumi na wawili, wote wanafahamiana, na lina kazi ya kufanya: kupanga safari, kufanya mazoezi pamoja, kusoma kitabu kimoja kimoja, kutumiana picha za watoto waliotawanyika mbali na babu na bibi. Kundi la soga tupu ni gumu kulihamisha, kwa kuwa soga haina siku wala saa ya kuanza. Bora zaidi ni kundi ambalo bado halijaundwa. Ikiwa mnapanga safari mwezi ujao na hakuna aliyekwisha kufungua mahali pa kuipangia, pafungue wewe huko kwenye mtandao mpya, maana hapo hakuna anayeombwa kuacha kitu. Watu wanaombwa tu kuja mahali ambapo jambo linafanyika.

Kisha mtafute mtu mmoja, na asiwe yule anayependa kila programu mpya, kwa sababu huyo atakubali leo na mwezi ujao atakuwa amehamia kwingine. Mtafute yule ambaye akiandika neno kwenye kundi, wengine hujibu. Kila kundi lina mtu wa namna hiyo, na mara nyingi siye msimamizi wake. Ukimpata yeye, nusu ya safari imekwisha.

Kabla hujamwambia mtu yeyote

Kaa kwenye mtandao huo wewe mwenyewe kwa majuma mawili na uujue udhaifu wake, kwa kuwa maswali utakayoulizwa hayatahusu sifa zake. Watu watataka kujua kama programu inafanya kazi kwenye simu ya zamani, inakula nafasi kiasi gani, nani anaiona namba yao ya simu, ni nani anayeuendesha na anapata wapi fedha, na mtu akitaka kutoka anatokaje. Ukijibu swali moja kwa kubahatisha na likagundulika, umepoteza imani ambayo ungeihitaji baadaye.

Nitoe mifano miwili ya aina ya majibu ninayoyakusudia. Anayewaalika wenzake Signal, programu ya kutumiana ujumbe, awe tayari kueleza kwamba inaendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara, kwamba bado inadai namba ya simu wakati wa kujisajili, na kwamba tangu mwaka 2024 mtu anaweza kutumia jina la mtumiaji ili asimpe namba kila anayezungumza naye. Anayewaalika Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mwendeshaji mmoja, ajue kwamba huko mtu huanza kwa kuchagua seva, yaani kituo kitakachotunza akaunti yake, na kwamba hatua hiyo moja huwakwamisha wengi waliofika wakiwa na nia njema. Mchagulie rafiki yako seva mapema na umpe kiungo chake moja kwa moja. Mweleze pia kwamba akija kuhamia seva nyingine, wafuasi wake wanaweza kumfuata, lakini maandishi yake ya zamani yatabaki alikotoka. Kasoro unayoitaja wewe mwenyewe mapema haina nguvu ya kuvunja mazungumzo kama ile anayokuja kuigundua mwenzako.

Maneno ya mwaliko

Watu wengi hufikiri kwamba hoja ya faragha itatosha, nami niliwahi kufikiri hivyo. Mwezi Januari 2021 WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, mamilioni ya watu walipakua Signal na Telegram kwa siku chache, kiasi kwamba Signal ilielemewa na kukwama tarehe 15 mwezi huo. WhatsApp ikasogeza mbele tarehe ya kukubali masharti, kutoka Februari 8 hadi Mei 15, na hadi leo ina watumiaji zaidi ya bilioni 2. Hofu humfanya mtu apakue programu. Kinachomrudisha kesho yake ni jambo jingine, nalo ni kukuta kuna mtu amemwandikia.

Mwaliko mzuri una sababu moja inayomhusu anayealikwa, unataja nani wengine watakuwepo, unamhakikishia kwamba hapotezi alicho nacho, na unamwekea wakati. Linganisha jumbe mbili. Wa kwanza: «Ndugu zangu, nimehamia kwenye mtandao bora zaidi ambao hauuzi taarifa zetu, tafadhali jiungeni kupitia kiungo hiki na muwasambazie wengine.» Huu umeandikiwa kila mtu, na kwa hiyo hakuna anayeona unamhusu. Wa pili: «Mwenzangu, picha zote za Jumamosi nimeziweka mahali pamoja, na hazijapungua ubora kama zile ninazotuma huku. Mmo wewe na wale watano tuliokuwa pamoja tu. Kundi letu la zamani lipo palepale, hutoki. Nikupigie saa mbili usiku tuiweke programu yake pamoja? Haitafika dakika kumi.» Ujumbe huu hauna neno moja la kuusifu mtandao.

Tena, ikiwezekana, mwaliko utamke kwa mdomo kwanza, ana kwa ana au kwa simu, na kiungo kifuate baadaye. Kiungo kinachotangulia maelezo siku hizi hufanana na ulaghai, na rafiki anayekataa kukibonyeza anastahili pongezi.

Wapo wanaosubiri siku ambayo mtandao wa zamani umekwama, na hilo si wazo baya. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa pamoja kwa takriban saa sita, na waliokuwa wamezitegemea hizo tatu peke yake walijikuta hawana pa kuulizana kulikoni. Mtu aliyekumbana na siku kama hiyo huelewa haraka faida ya kuwa na mahali pa pili. Iseme kama tahadhari ya pamoja, lakini usimkejeli.

Dakika kumi za kujisajili

Hapa ndipo wengi walioshawishika hupotelea. Kaa na mwenzako, ama ubaki naye kwenye simu, mpaka amalize. Aanze kwa kuangalia kama simu ina nafasi. Kama haina, msaidie kufuta video zilizojirudia kabla ya kupakua chochote. Zitakapotumwa tarakimu za uthibitisho, aziingize mwenyewe, na usimwombe akusomee hata kama una haraka, kwa kuwa ndivyo wezi wa akaunti wanavyoomba, nawe hupaswi kumzoeza. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, mweleze kwamba anaweza kukataa na kumtafuta kila mtu kwa jina au kwa kiungo cha kundi. Mitandao mingine ina njia nyepesi zaidi: Bluesky, kwa mfano, tangu mwaka 2024 inaruhusu mtu kutengeneza orodha ya akaunti ambayo mgeni anaweza kuifuata yote kwa mguso mmoja, asianze na ukurasa mtupu.

Usiondoke kabla ya kujaribu arifa. Mama yangu mdogo alijiunga na kundi letu, tukafurahi, kisha akanyamaza kwa siku tisa. Tulidhani hakupendezwa. Nilipomtembelea nilikuta simu yake ilikuwa imeilaza programu ile ili kuokoa betri, kwa hiyo hakuna ujumbe hata mmoja uliokuwa umelia, naye kwa upande wake alikuwa amekwisha kuhitimisha kwamba tulimwalika kisha tukamsahau. Tangu siku hiyo, kabla ya kuagana, humtumia mgeni ujumbe mmoja huku simu yake ikiwa imefungwa kioo na kuwekwa mezani, na hatuagani mpaka ilie.

Majuma ya kwanza

Katika majuma mawili ya mwanzo wewe ndiye mwenyeji. Hakikisha kwamba kila anayefungua mlango anakuta kitu ambacho hakipo kwingine: picha za jana, ratiba iliyorekebishwa, swali linalomtaka yeye hasa ajibu. Jibu upesi. Ukinakili kila kitu na kukipeleka pia kwenye kundi la zamani, umemwondolea kila mtu sababu ya kuja. Lakini kuna mpaka ambao sishauri mtu auvuke: habari za ugonjwa, msiba, fedha za watu au mabadiliko ya ghafla ya saa ya kukutana ziendelee kutangazwa mahali ambapo wote wapo, hata kama kufanya hivyo kutachelewesha uhamaji wenu. Rafiki aliyekosa habari ya msiba kwa sababu ya programu hatasahau, na atakuwa sahihi.

Watabaki wawili au watatu wasiotaka kuja, mmoja kwa uvivu, mwingine kwa msimamo. Waulize mara moja, na baada ya miezi kadhaa waweza kuwauliza mara ya pili, si zaidi. Waendelee kupata picha kutoka kwako kwa njia waliyoizoea, na wasifanywe mada ya utani kwenye kundi jipya, maana hatimaye maneno hayo huwafikia.

Kipimo cha mafanikio usikitafute kwenye idadi ya waliojiunga. Angalia ni nani anayeanzisha mazungumzo. Siku ambayo watu wawili wanaongea humo jambo lisilokuhusu kabisa, nawe unalikuta asubuhi likiwa limekwisha, kundi limehama. Ikiwa mwezi umepita na kila mazungumzo yameanzishwa na wewe, basi halikuhama. Washukuru, waeleze kwamba mnarudi mlikokuwa, na ujaribu wakati mwingine kwa shughuli nyingine. Likiwa limehama kweli, usilifute kundi la zamani. Wape wote nafasi ya kuhifadhi picha na mazungumzo wanayoyataka, andika ujumbe wa mwisho wenye kiungo cha mahali papya, ubandike juu kabisa, kisha uliache wazi kwa yeyote atakayepita huko kututafuta.