SOMO: Linda jina la kampuni yako mtandaoni kabla hajalidaka mwingine

Wakuu, hili naulizwa inboksi kila kukicha. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Angalia jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara) na kwenye domeni (anwani ya tovuti) siku hiyo hiyo. Kupata moja hakukupi jingine.

2. Chukua .co.tz na .com. Unauza Kenya? Ongeza .co.ke. Inatosha, maana zote zinalipiwa kila mwaka.

3. Hapa ndipo watu wanapolia. Domeni iandikwe jina la kampuni, SIYO la fundi wa tovuti. Mteja wangu aligombana na fundi wake kwa hela ya mwisho, jamaa akaielekeza domeni kwingine, barua pepe za ofisi nzima zikakata. Kwa msajili (kampuni inayokuuzia domeni), mwenye mali ni aliyeandikwa, hata kama hela umetoa wewe. Hivyo:
- Akaunti na nywila ashike mkurugenzi.
- Barua pepe ya akaunti isiwe ya domeni hiyo hiyo. Ikizimika, hata ukumbusho wa malipo huupati.
- Washa kufuli ya uhamisho, domeni isihamishwe kwa msajili mwingine bila wewe.

4. Washa malipo ya kujirudia. Mwaka 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, domeni iliyotumika kuingilia Hotmail, huduma yao ya barua pepe. Watu wakashindwa kuingia, hadi mtaalamu mmoja wa Linux akawalipia dola 35 kwa kadi yake.

5. Sajili alama ya biashara: Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, wakala wa usajili wa huko. Ya huku hailindi kule.

MASWALI

Chalii_wa_Kati: Mkuu bei gani?
— Kila msajili ana yake. Tazama bei ya mwaka wa pili, ya kwanza ni chambo.

Chalii_wa_Kati: Fundi wangu muaminifu, lazima namba 3?
— Isome tena.

Mama Vitenge: Kuna mtu kakalia .com yangu, anataka maelfu ya dola. Nina haki?
— Swali zuri, dada. Kuna UDRP, utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya domeni; malalamiko unaweza kupeleka WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Uthibitishe matatu: jina linafanana na alama yako, yeye hana haki wala maslahi halali nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Kama alilisajili kabla hujaanza biashara, usipoteze hela.

Mama Vitenge: Asante kaka. Na domeni za akiba nizifanyeje?
— Zielekeze kwenye tovuti kuu. Kama hazitumi barua pepe, weka rekodi ya TXT: v=spf1 -all. Inaziambia seva kwamba hakuna anayeruhusiwa kutuma barua pepe kwa domeni hiyo. Tapeli akituma ankara feki kwa jina hilo, seva nyingi zitaishtukia.

Chalii_wa_Kati: Hiyo rekodi naiweka wapi?
— Kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni ndani ya akaunti yako. Kama huna nywila, kamuulize huyo fundi wako muaminifu.