Jinsi ya kuandika historia ya uchaguzi ya jimbo lililofutwa: tuchukue Smethwick

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayesoma historia chuoni, alinipigia simu usiku. Alikuwa amepewa kazi ya kueleza jinsi jimbo la Smethwick lilivyopiga kura tangu kuundwa hadi kufutwa, na mahesabu ya mhamo wa kura, yaani tarakimu inayoonyesha jimbo limeegemea upande gani kuliko uchaguzi uliopita, yamemgomea. "Mjomba, mimi napata 7.5, kila mahali wameandika 7.2. Nimekosea wapi?" Hakukosea popote, lakini tulihitaji jioni tatu kulijua hilo. Naandika hatua tulizopita ili atakayefuata asipoteze muda uleule. Smethwick ni mji wa viwanda ulioshikana na Birmingham kwa upande wa magharibi, mji wa vioo, mizani na vyuma. Njia hii inafaa kwa jimbo lolote la Uingereza lililokwisha kufutwa.

Hatua ya 1: Jua jimbo lilizaliwa lini na likafa lini

Smethwick ilikuwa jimbo kuanzia uchaguzi wa 1918. Kabla ya hapo mji ulikuwa ndani ya jimbo la Handsworth. Ilifutwa kwenye uchaguzi wa Februari 1974, na sehemu kubwa ikaingia katika jimbo jipya la Warley East. Andika miaka hii juu kabisa ya ukurasa.

Angalia na kaunti pia, maana nyaraka nyingi za zamani zimepangwa kwa kaunti. Mji huu ulikuwa Staffordshire, mwaka 1966 ukaunganishwa na majirani zake kuwa halmashauri ya Warley iliyowekwa Worcestershire, na mwaka 1974 ukaingia Sandwell, West Midlands. Ukitafuta chini ya kaunti moja tu utaambiwa hakuna kitu, na utaamini.

Hatua ya 2: Orodhesha chaguzi, usiorodheshe wabunge

Hapa nina msimamo mkali. Karibu kila mwanafunzi huanza na orodha ya wabunge kwa sababu ndiyo rahisi kuipata. Orodha ya wabunge inaficha mambo. Anza na tarehe za kupiga kura. Kwa Smethwick ni chaguzi kuu 15, kuanzia 1918 hadi 1970, na chaguzi ndogo mbili, Desemba 1926 na Oktoba 1945. Jumla mistari 17.

Tazama 1945 utaona ninachosema. Kura zilipigwa tarehe 5 Julai, ila zikahesabiwa wiki tatu baadaye ili kura za askari waliokuwa ng'ambo zifike. Matokeo yalitangazwa tarehe 26 Julai, na Alfred Dobbs wa Labour, chama cha wafanyakazi, akawa mbunge. Kesho yake akafa kwa ajali ya gari, kabla Bunge jipya halijakutana. Kwenye orodha ya wabunge huyu ni mstari mfupi ambao jicho hulipita. Kwenye orodha ya chaguzi unaona wazi kwa nini watu wa Smethwick waliitwa tena kupiga kura tarehe 1 Oktoba, wakamchagua Patrick Gordon Walker, aliyekaa na kiti hicho miaka 19.

Mwingine ni Oswald Mosley. Alishinda uchaguzi mdogo wa 1926 kwa tiketi ya Labour, kura 16,077 dhidi ya 9,495 za Conservative, chama cha wahafidhina, akashinda tena 1929. Mwaka 1931 alijitoa Labour akaanzisha chama chake, na bado alikuwa mbunge wa Smethwick. Hakuna aliyepiga kura kubadilisha chama cha jimbo hilo. Kwa hiyo safu ya "chama" ijazwe kwa kile alichogombea nacho siku ya kura, na mabadiliko yaandikwe pembeni. Mosley huyu ndiye aliyekuja kuwaongoza mafashisti wa Uingereza, lakini mwaka uliofuata, na bila Smethwick. Usiliandike jimbo kana kwamba lilimchagua fashisti.

Hatua ya 3: Ingiza takwimu

Tumia vitabu vya matokeo vilivyokusanywa na F. W. S. Craig. Maktaba nyingi za vyuo vya Uingereza wanavyo. Andika kwa mkono kwanza kwenye daftari la mraba, kisha ingiza kwenye kompyuta. Najua vijana hunakili na kubandika kutoka kwenye mtandao, na mimi siwaungi mkono: unaponakili, tarakimu haipiti kichwani mwako, na kosa linapita nalo. Kwenye programu ya majedwali andika 16690 bila mkato. Kompyuta nyingine, kutegemea lugha iliyowekwa, ukiandika 16,690 huisoma kama kumi na sita na sehemu.

Jambo moja kuhusu majina ya vyama. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1969, karatasi ya kura ya Uingereza haikuwa na jina la chama, ni majina ya wagombea na maelezo yao tu. Kwa Smethwick ina maana uchaguzi mmoja tu wa mwisho, wa 1970, ndio uliokuwa na vyama kwenye karatasi. Jina la chama unaloliona kwenye majedwali ya kabla ya hapo limetoka kwenye magazeti na kwa vyama vyenyewe.

Hatua ya 4: Kagua kwa kutoa

Toa kura za wa pili kwenye kura za wa kwanza. Jibu lazima lilingane na tofauti iliyochapishwa. Fanya kwa mistari yote 17.

Mwaka 1918: John Davison wa Labour 9,389, Christabel Pankhurst wa chama cha wanawake 8,614. Tofauti 775, sawa. Huo ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ambao wanawake waliruhusiwa kugombea, na wengi wa miaka 30 na kuendelea kupiga kura, na kura 775 za mji huu mmoja zilimzuia binti wa Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wanawake waliodai haki ya kura, kuingia Bungeni. Kila nikifika kwenye mstari huo huwa nasimama kidogo.

Hatua ya 5: Hesabu mhamo wa kura

Hapa ndipo tulipokwama, na hapa nitakaa.

Mhamo ni namna ya kupima, kwa tarakimu moja, jimbo limeegemea upande gani likilinganishwa na uchaguzi uliopita. Kwa Smethwick tarakimu inayotafutwa na kila mtu ni ya 1959 hadi 1964, Gordon Walker alipopokonywa kiti na Peter Griffiths wa Conservative.

Mwaka 1959:
Gordon Walker 20,670
Griffiths 17,126
Jumla 37,796

Mwaka 1964:
Griffiths 16,690
Gordon Walker 14,916
Mliberali na mgombea binafsi, kwa pamoja 3,434
Jumla 35,040

Sasa asilimia. Labour ilishuka kutoka 54.69 hadi 42.57, yaani imepoteza pointi 12.12. Conservative ilipanda kutoka 45.31 hadi 47.63, imeongeza 2.32. Jumlisha 12.12 na 2.32, gawa kwa mbili. Unapata 7.22. Hiyo ndiyo 7.2 ya vitabuni.

Mpwa wangu alifanya jambo jingine, na kwa akili yake mwenyewe. Aliwaondoa wagombea wadogo, akabaki na vyama viwili. Kati ya kura za vyama hivyo viwili, Labour ilikuwa na 54.69 mwaka 1959, na mwaka 1964 ilikuwa na 14,916 kati ya 31,606, yaani 47.19. Tofauti ni 7.50. Nayo ni njia halali, inatumiwa na watafiti. Mimi natumia ya kwanza, kwa sababu inamhesabu kila aliyepiga kura halali, na kwa sababu ndiyo iliyozoeleka zaidi, hivyo tarakimu zako zitalinganishika na za wengine. Chagua moja, iseme kwenye aya ya kwanza, usichanganye. Jedwali lenye mistari mitano ya njia hii na mitano ya njia ile halina faida kwa mtu.

Tahadhari, na zote nimezilipia kwa muda wangu:

Asilimia ni ya kura halali zilizopigwa, si ya walioandikishwa. Kwenye baadhi ya majedwali idadi ya walioandikishwa iko safu ya jirani, na ni rahisi kugawa kwa safu isiyo yake. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa jimbo zima, saa nne za kazi zikapotea, kwa sababu majibu yalikuwa yanaonekana ya kuaminika.

Usikadirie mapema. Acha desimali mbili hadi mwisho.

Usihesabu mhamo pale ambapo hakuna cha kulinganisha. Mwaka 1918 jimbo lilikuwa jipya, na Pankhurst hakuwa wa Labour wala Conservative. Acha wazi.

Usirukie kutoka uchaguzi mdogo kwenda uchaguzi mkuu bila kusema. Mimi hulinganisha mkuu na mkuu, mdogo nauwekea mstari wake.

Na kubwa kuliko zote: mhamo wa 7.2 hausemi kwamba watu 7 katika 100 walitoka Labour wakaenda Conservative. Rudi kwenye kura zenyewe. Griffiths aliposhindwa mwaka 1959 alikuwa na 17,126. Aliposhinda alikuwa na 16,690. Alishinda akiwa na kura 436 pungufu! Gordon Walker ndiye aliyepoteza 5,754. Na katika zile pointi 12.12 zilizotoka Labour, ongezeko la Conservative ni 2.32 tu. Pointi 9.80 zinalingana na walizopata Mliberali na mgombea binafsi, ambao mwaka 1959 hawakuwepo. Nani alikwenda wapi, nani alibaki nyumbani, nani alikuwa amehama mji, jedwali halina jibu. Nilimwambia mpwa wangu aandike kura na asilimia pamoja, kila mara. Asilimia peke yake inamwonyesha Griffiths akipanda, kura zinaonyesha Labour ikimomonyoka.

Halafu linganisha na nchi. Mwaka ule Uingereza nzima iliegemea Labour kwa takriban pointi 3, kiongozi wake Harold Wilson akaingia madarakani na viti 317. Smethwick ilikwenda kinyume kwa 7. Kati ya mji huu na nchi kuna mwanya wa kama pointi 10, na mwanya huo ndio unaokudai hatua inayofuata.

Neno kuhusu "wingi". Magazeti ya Uingereza yakisema Griffiths alikuwa na wingi wa 1,774, wanamaanisha tofauti kati yake na wa pili, si nusu ya kura na zaidi. Alikuwa na asilimia 47.6, na ilitosha. Ni kama ubunge wetu Tanzania au Kenya: anayeongoza ndiye, hakuna duru ya pili. Andika "tofauti ya kura" tu, msomaji wa Kiswahili hatapotea.

Hatua ya 6: Eleza kilichotokea mtaani

Viwanda vya kuyeyusha chuma vya Smethwick vilikuwa vimeajiri wahamiaji wengi, hasa Masingasinga kutoka Punjab. Nyumba zilikuwa haba. Kampeni ya 1964 iligeuzwa kuwa ya rangi, kauli mbiu ya matusi dhidi ya weusi ikasambaa mjini, na Griffiths akakataa kuilaani. Wilson alimwita Bungeni mkoma wa kibunge, yaani mtu wa kutengwa na wabunge wenzake. Halmashauri ilikuwa na mpango wa kununua nyumba za Marshall Street ili zikae Wazungu pekee, na serikali ikaunyima kibali cha mkopo.

Tarehe 12 Februari 1965 Malcolm X, mpigania haki za weusi wa Marekani, alitembea katika mtaa huo. Mtu huyohuyo, Oktoba 1964, mwezi uleule Smethwick ilipopiga kura, alikuwa Dar es Salaam na Nairobi. Siku tisa baada ya Marshall Street aliuawa New York. Mpwa wangu hakuwa na habari hii, na aliponiuliza kama aiweke nilimwambia aiweke, lakini baada ya jedwali. Msomaji akiona Malcolm X kwanza, hatazisoma kura.

Ongeza na hili, kwa kuwa wasomaji wetu wengi hawalijui: wahamiaji waliotoka nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa na haki ya kupiga kura Uingereza bila kungoja uraia. Haki hiyo ipo hadi leo. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi huko kihalali anaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge. Unapoandika "wahamiaji" na "wapigakura" kana kwamba ni makundi mawili, unakosea.

Kisha fuata watu walikoishia, kwa kifupi. Gordon Walker aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje ingawa hakuwa na jimbo, akagombea jimbo la Leyton Januari 1965, akashindwa kwa kura 205, akajiuzulu. Smethwick ilirudi Labour mwaka 1966 kwa mwigizaji Andrew Faulds, tofauti ya kura 3,490. Faulds alihamia Warley East jimbo lilipofutwa, akakaa hadi 1997. Griffiths naye alirudi Bungeni mwaka 1979 kupitia jimbo la Portsmouth North.

Hatua ya 7: Weka ukuta kabla ya 2024

Mwaka 2024 jina la Smethwick lilirudi kwenye ramani ya majimbo, na Gurinder Singh Josan wa Labour akachaguliwa. Ukitafuta mtandaoni, jimbo la zamani na jipya huja pamoja, na mipaka yao si ileile. Usihesabu mhamo kutoka 1970 hadi 2024, na mstari wa 2024 usiuingize kwenye jedwali la mistari 17. Mimi faili la kwanza huliita "Smethwick 1918-1974" na la pili "Smethwick 2024", kila moja kwenye folda yake.